Kibali cha nyumbani, vipimo vya wageni: sheria ipi ufuate kwa wanyama wa maabara Dodoma?

Anayeandaa chumba cha wanyama wa majaribio Dodoma, iwe ni chuo, kituo cha utafiti au mwanafunzi wa uzamili anayepima dawa ya mitishamba kwa panya, huwa na maswali mawili anayoyachanganya. La kwanza ni nani anatoa ruhusa. La pili ni kizimba kiwe na ukubwa gani, joto liwe nyuzi ngapi na mnyama auawe vipi jaribio likiisha.

Swali la kwanza halina uchaguzi, jibu lake ni sheria za Tanzania. La pili ndilo la kuchagua, kwa sababu sheria yetu ni ya wajibu na misingi, wakati majedwali ya sentimita wanayotumia watafiti wengi yametoka Ulaya au Marekani. Ushauri wetu, kabla ya kuingia ndani: ruhusa ni ya nyumbani, ukubwa wa kizimba chukua namba iliyo kubwa kati ya Ulaya na Marekani kwa uzito wa mnyama wako, joto na hewa fuata Marekani, namna ya kuua fuata iliyo kali zaidi kati ya mbili hizo, ambayo mara nyingi ni ya Ulaya. Anayejitangaza kwamba anafuata "viwango vya kimataifa" bila kusema vipi, hajachagua kitu bado.

Ruhusa

Sheria ya msingi ni Sheria ya Ustawi wa Wanyama Na. 19 ya mwaka 2008. Inamtambua mnyama kuwa kiumbe mwenye hisia, na utafiti haumo nje ya mkono wake. Pembeni yake kuna Sheria ya Veterinari Na. 16 ya 2003. Kwa vitendo maana yake ni kwamba "daktari wa mifugo" unayemwandika kwenye andiko lako awe amesajiliwa na Baraza la Veterinari. Rafiki anayejua kuchoma sindano hatoshi. Ukiwa na mtafiti mgeni kutoka nje ya nchi, anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia. Ukinasa panya pori au popo kwa ajili ya sampuli umeshaingia kwenye wanyamapori, na utafiti wa wanyamapori unasimamiwa na TAWIRI, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori.

Aliyeko Dodoma ana nafuu moja: Wizara ya Mifugo na Uvuvi iko Mji wa Serikali, Mtumba. Swali ambalo mtu wa Mwanza au Mbeya analiandikia barua, wewe unaweza kulipeleka mwenyewe asubuhi ukarudi mchana. Nenda kabla ya kununua wanyama. Kosa linalorudiwa sana ni kuleta panya kwanza na kuomba kibali baadaye. Panya hawasubiri: wanakua, wanazaa, na uzito ulioandika kwenye andiko unakuwa umepitwa.

Kosa la pili ni kutumia fomu ya maadili ya utafiti wa binadamu kwa kubadilisha maneno mawili matatu. Fomu ile inauliza ridhaa na usiri. Haiulizi mnyama ataumia kiasi gani, nani atamwangalia Jumapili, wala ni dalili gani zikitokea jaribio lisitishwe.

Tanzania ni mwanachama wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, na kanuni zake za wanyama wa nchi kavu zina sura ya 7.8 inayohusu wanyama katika utafiti na elimu. Sura hiyo inataka mambo matatu yawepo: andiko lipitiwe, jengo likaguliwe, na maadili yapimwe. Haina majedwali ya vizimba. Kama kamati yenu ya kupitisha majaribio ya wanyama bado changa, anzeni hapo, ni fupi na inasomeka.

Mnyama gani analindwa

Hapa ndipo tofauti ya Ulaya na Marekani inapowapoteza wengi. Agizo la Umoja wa Ulaya la 2010/63 linamlinda kila mwenye uti wa mgongo, pamoja na pweza na ngisi, na hata mimba ya mamalia ikifika theluthi ya mwisho. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya Marekani ya 1966, kwa marekebisho ya 2002, inawaacha nje ndege pamoja na panya waliozalishwa kwa ajili ya utafiti, wakubwa kwa wadogo. Mtu anasoma hilo na kuhitimisha kwamba Marekani panya hana mwenyewe. Sivyo. Fedha za taasisi za afya za serikali yao, NIH zikiwemo, zinakuja na sera nyingine inayohusu kila mwenye uti wa mgongo aliye hai. Fedha hizo zikifika Dodoma, taasisi inayopokea inatakiwa iwe na hati ya ahadi iliyokubaliwa na ofisi yao ya ustawi wa wanyama wa maabara, na ndani ya hati hiyo unaahidi kufuata sheria za nchi yako. Kwa hiyo hata hela ya Marekani inakurudisha kwenye Sheria Na. 19.

Jambo moja la lugha, dogo ila lina gharama. Kiswahili chetu kinaita wote "panya". Kwenye fomu andika jina la kisayansi: *Rattus norvegicus* kwa yule mkubwa, *Mus musculus* kwa yule mdogo. Majedwali yao hayafanani hata kidogo, na kamati ikipitisha "panya 40" haijui imepitisha nini.

Na kama kazi yako ni kuchuja mimea mingi kuona ipi ina sumu, fikiria kuanza na vijidudu vya majini vya *Artemia*. Havina uti wa mgongo na haviko kwenye orodha ya Ulaya wala ya sera ya Marekani. Mimea 30 inaweza kuchujwa ikabaki 4 kabla panya hajaguswa.

Vizimba

Eneo ni sentimita za mraba kwa kila mnyama, kimo ni sentimita.

| Mnyama | Ulaya | Marekani (mwongozo wa utunzaji wa wanyama wa maabara, 2011) |
|---|---|---|
| Panya mdogo, g 22 | 70, kimo 12 | 77.4, kimo 12.7 |
| Panya mdogo, g 28 | 80, kimo 12 | 96.7, kimo 12.7 |
| Panya mkubwa, g 250 | 250, kimo 18 | 187, kimo 17.8 |
| Panya mkubwa, g 350 | 350, kimo 18 | 258, kimo 17.8 |
| Panya mkubwa, g 450 | 450, kimo 18 | 387, kimo 17.8 |
| Simbilisi, g 400 | 500, kimo 23 | 651.5, kimo 17.8 |
| Sungura, kg 3.5 | 4,200 kwa mmoja au wawili wanaoelewana, kimo 45 | 2,800 kila mmoja, kimo 40.5 |

Wengi huamini Ulaya ni kali kila mahali. Jedwali linakataa. Kwa panya mkubwa Ulaya inadai zaidi, tena sana. Kwa panya mdogo na simbilisi wa gramu 400 Marekani ndiyo inayodai zaidi. Sungura mmoja anapata nafasi kubwa Ulaya, lakini ukiweka wawili, Ulaya inaridhika na 4,200 wakati Marekani inataka 5,600. Ndiyo maana tunasema chukua namba kubwa kwa uzito wako na usiape kwa bendera. Ulaya pia ina sakafu ya chini kabisa kwa kizimba kizima hata kama ndani yumo mmoja: 330 kwa panya mdogo, 800 kwa panya mkubwa, 1,800 kwa simbilisi wa uzito huo.

Sasa tuje kwenye beseni, maana ndilo kizimba cha maabara nyingi ndogo: beseni la plastiki, juu wavu. Usipime mdomo, pima kitako. Beseni la duara lenye mdomo wa sentimita 45 linaonekana lina eneo la 1,590. Kitako chake kikiwa na kipenyo cha sentimita 32, eneo analokanyaga panya ni 804 tu. Kwa panya wa gramu 250, Ulaya inaruhusu watatu na Marekani wanne. Aliyepima mdomo angeweka sita kwa kipimo cha Ulaya na kujisifu. Kimo nacho kiangaliwe, maana mabeseni mengi hayafiki sentimita 18. Isitoshe, panya anatafuna plastiki. Ukiona ukingo umekuwa kama msumeno, beseni hilo limekwisha kazi.

Kizimba cha fundi wa kuchomelea chenye sakafu ya sentimita 40 kwa 30 kina 1,200. Panya wa gramu 250 wanaingia wanne kwa Ulaya, sita kwa Marekani. Wakifika gramu 350 wanakuwa watatu kwa Ulaya, wanne kwa Marekani. Dume la panya anayeanza jaribio akiwa na gramu 200 anaweza kuvuka 300 baada ya siku 28, kwa hiyo hesabu kwa uzito wa siku ya mwisho. Ukipanga kwa uzito wa siku ya kwanza utalazimika kuwatenganisha katikati ya jaribio, na madume waliotenganishwa kisha wakachanganywa upya hupigana. Ulaya imeliona hilo: katika majaribio ya maisha yote, nafasi ikipungua kidogo mwishoni, kutowavuruga wanaoishi pamoja kunapewa kipaumbele.

Sakafu iwe ya kufunga, si ya waya mtupu. Sungura mzito juu ya senyenge huota vidonda vya nyayo, na sungura mwenye kidonda hali vizuri, uzito unashuka, nawe unaandika kwamba dawa imemshusha uzito.

Kwa matandiko, maranda yanapatikana kwa kila seremala, ila uliza yametoka mti gani na mbao zilipakwa nini. Maranda ya paina mabichi yana harufu inayochochea vimeng'enya vya ini. Anayepima dawa ya ini ameshaharibu kazi kabla ya dozi ya kwanza. Mwongozo wa Marekani unataka kizimba cha sakafu ya kufunga na chupa za maji visafishwe angalau mara moja kwa wiki.

Joto, hewa na vumbi

Hapa Ulaya haikusaidii sana. Agizo lao linasema joto na unyevu viendane na spishi, na joto lipimwe na kuandikwa kila siku, basi. Mwongozo wa Marekani unatoa namba: nyuzi 20 hadi 26 kwa panya na simbilisi, 16 hadi 22 kwa sungura, unyevu asilimia 30 hadi 70, hewa ibadilishwe mara 10 hadi 15 kwa saa, mwanga usizidi kama laksi 325 ukipimwa mita moja kutoka sakafuni.

Zilinganishe na Dodoma. Mji uko juu ya mita 1,100, mvua ni ya msimu mmoja kuanzia Desemba hadi Aprili, Novemba mchana joto linavuka nyuzi 30, na usiku wa Juni na Julai linashuka chini ya 15. Chumba cha bati bila silingbodi kitatoka nje ya namba zote mbili ndani ya mwaka mmoja, juu na chini. Panya atakubali ukihangaika kidogo. Sungura ndiye shida: hatoi jasho, na dume akikaa kwenye joto la karibu nyuzi 30 kwa muda uzazi wake unashuka. Kama jaribio lako linaweza kufanywa kwa panya, usichague sungura Oktoba na Novemba. Kama lazima sungura, panga Mei hadi Agosti.

Feni za kupoza hewa kwa maji zinafanya kazi vizuri kiangazi kwa sababu hewa ni kavu, na zinaongeza unyevu unaokosekana. Ukavu ukizidi, watoto wa panya hupata mikazo ya mviringo kwenye mkia, wengine mkia hukatika. Wengi hudhani ni ugonjwa wa kuambukiza na kuanza kuchoma dawa. Masika feni hizo hazina nguvu tena, tegemea kiyoyozi au madirisha yenye wavu.

Mzunguko wa hewa uuhesabu, usiukisie. Chumba cha mita 4 kwa 3 chenye kimo cha 2.7 kina mita za ujazo 32.4. Mara 10 kwa saa ni 324, mara 15 ni 486. Tafuta feni ya kutoa hewa yenye uwezo wa kati ya namba hizo. Panapoingilia hewa weka kichujio, la sivyo upepo wa Agosti hadi Oktoba utakumwagia vumbi jekundu kwenye matandiko, na panya wanaopiga chafya si kundi la kulinganisha na kitu.

Taa ziwe kwenye saa ya kujizima, saa 12 mwanga na 12 giza. Mlinzi anayeacha taa ya chumba ikiwaka usiku "kwa usalama" anaharibu usingizi na macho ya panya weupe. Mwambie sababu, ataelewa. Ukimkataza tu atawasha ukiondoka. Kipimajoto kiwe cha kukumbuka kiwango cha juu na cha chini, kwa sababu umeme ukikatika saa tisa usiku hakuna wa kuona.

Chakula cha soko

Hakuna kati ya Ulaya na Marekani anayekuandikia kuhusu sumukuvu ya Dodoma, lakini wote wanasema chakula kisiwe na uchafu wa kudhuru. Mwaka 2016 mlipuko wa sumukuvu uliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi. Mahindi na mashudu yaliyohifadhiwa vibaya ndiyo hayohayo yanayosagwa kuwa chakula cha mifugo. Sumukuvu inashambulia ini, na ini ndilo kiungo ambacho majaribio mengi ya mitishamba yanakipima. Pima shehena, au nunua kutoka kwa mtengenezaji anayekupa cheti cha kipimo, weka mfuko mmoja wa akiba kama sampuli, na usibadilishe shehena katikati ya jaribio. Chakula cha kuku wa nyama nacho kina hatari yake: mara nyingi kimewekewa dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo wa kuku. Na simbilisi hawezi kujitengenezea vitamini C, kwa hiyo chakula cha panya pekee kitamuua polepole.

Maumivu na kuua

Ulaya inataka kila jaribio lipangwe kabla ya kuanza katika moja ya madaraja manne: mnyama asiyezinduka kutoka nusukaputi, maumivu madogo, ya kati, makali. Baadaye unaripoti kilichotokea kweli. Marekani ina herufi B hadi E kwa wanyama walio chini ya sheria yao. Kwa kamati ya hapa mfumo wa Ulaya unaeleweka haraka zaidi, hata kwa mjumbe asiye mwanasayansi.

Pale unapoandika "tutapima sumu" angalia usiwe umenakili kipimo cha kale cha kutafuta dozi inayoua nusu ya kundi. Shirika la OECD lilikifuta kipimo hicho, namba 401, mwaka 2002. Kilikuwa kinakula panya wengi. Kipimo namba 423 kinatumia wanyama watatu kwa kila hatua. Na kifo kisiwe mwisho wa jaribio: andika dalili za kusitisha, kwa mfano mnyama akipoteza asilimia 20 ya uzito.

Kuua ndiko Ulaya ina mstari mkali. Kuvunja shingo kwa panya kunaruhusiwa chini ya kilo 1, lakini akizidi gramu 150 lazima atulizwe kwa dawa kwanza. Mwongozo wa 2020 wa chama cha madaktari wa mifugo wa Marekani unaweka mpaka kwenye gramu 200. Tumia 150. Kwa gesi ya kaboni dioksidi Marekani inatoa mwendo: asilimia 30 hadi 70 ya ujazo wa sanduku kwa dakika. Sanduku la lita 10 ni lita 3 hadi 7 kwa dakika, kwa hiyo unahitaji mtungi wenye kipimo cha mtiririko. Kulijaza gesi kabla ya kumweka mnyama ni marufuku kote. Watoto wachanga wa panya wanastahimili gesi hiyo muda mrefu, usiitumie kwao. Etha iliyobaki kwenye makabati ya maabara nyingi inawasha njia ya hewa na inashika moto, na mzoga wenye etha ukiwekwa kwenye friji ya kawaida unaweza kulipuka.

Kamati

Sheria ya Marekani inataka wajumbe wasiopungua watatu; sera ya fedha za afya inataka watano, akiwemo daktari wa mifugo, mtafiti, asiye mwanasayansi na mtu wa nje ya taasisi. Kamati inakagua chumba kila miezi sita. Ulaya inatenganisha: ndani ya taasisi kuna chombo cha ustawi, lakini ruhusa inatoka serikalini, jibu ndani ya siku 40 za kazi, kwa muda usiozidi miaka mitano. Kwa chuo kidogo wajumbe watano ni mzigo, lakini wa nje na asiye mwanasayansi wanaweza kuwa mtu mmoja. Diwani, mwalimu wa sekondari, mchungaji, yeyote anayethubutu kuuliza "kwa nini 40?" anafaa.

Na ng'ombe wa Mpwapwa na Kongwa?

Watafiti wa malisho na uzalishaji wanauliza kama haya yote yanawahusu. Agizo la Ulaya linaacha nje ufugaji wa kawaida na tiba ya kawaida ya mifugo, na linaweka kipimo rahisi kukumbuka: jambo lisilofika maumivu ya kuchomwa sindano kwa utaratibu mzuri wa kitabibu si jaribio. Marekani inawaacha nje mifugo wanaotumika kuboresha lishe, uzazi au uzalishaji. Kulinganisha malisho mawili kwa kupima maziwa, basi, kote kuwili hakuingii kwenye meza ya wanyama wa maabara. Kumtoboa ng'ombe tumbo na kumwekea kifuniko ili uchote majimaji ya tumbo kila asubuhi kunaingia Ulaya. Kwa Marekani kutategemea nani analipa. Na kwa Tanzania, ng'ombe huyo yuko chini ya Sheria Na. 19 tangu alipozaliwa.